Mke wa Kurando mwenye taya la kiume

Swali: Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari hapa Tanga. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya Kijapani iliyochapwa mwaka 1794, kazi ya Sharaku. Maelezo yalisema ni Yadorigi, mke wa Ōgishi Kurando, kisha yakataja jina la mwanamume, Segawa Tomisaburō wa pili. Uso mrefu, pua kubwa, taya limejaa. Darasa zima likacheka, na mmoja akauliza kama mchoraji alikuwa anamkejeli mwanamume aliyevaa nguo za kike. Sikuwa na jibu. Je, ni kejeli? Na mtu akikutana na picha ya namna hii atajuaje kwamba aliyechorwa si mwanamke?

Jibu: Mwalimu, nianze na swali lako la pili, maana ndilo litakalotufikisha kwenye la kwanza. Irudie ile picha, utazame paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Kuna kipande cha rangi ya zambarau kimelazwa juu ya nywele za mbele. Hicho ni kitambaa cha hariri. Wajapani hukiita murasaki bōshi, yaani kofia ya zambarau, ingawa umbo la kofia halina. Mwanamke wa mtaani hakukivaa. Ukikiona kwenye picha ya chapa ya enzi zile, jua umemwona mwanamume, mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, aliye katika nafasi ya kike. Waigizaji wa aina hiyo huitwa onnagata.

Kitambaa hicho kilizaliwa na amri za serikali. Kabuki yenyewe ilianzishwa na mwanamke, Okuni, aliyecheza ngoma na michezo ya kuchekesha mjini Kyoto mwaka 1603. Vikundi vingine vya wanawake vikafuata nyayo zake, na pamoja na ngoma kukawa na ukahaba na ugomvi wa wanaume waliokuja kutazama. Mwaka 1629 utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ukawapiga marufuku wanawake kupanda jukwaani. Nafasi zao zikachukuliwa na vijana wa kiume wenye sura nzuri, na yale yale yakajirudia. Mwaka 1652 vijana nao wakafungiwa. Kabuki iliporuhusiwa tena kulikuwa na sharti: kila mwigizaji anyoe nywele za mbele, kama alivyonyoa mwanamume yeyote aliyekwisha kuwa mtu mzima. Nywele za mbele ndizo zilizokuwa uzuri wa kijana. Ukizinyoa, panabaki upara mweupe mbele ya macho ya watazamaji, na nani ataamini kuwa yule ni binti wa mfalme? Onnagata wakaufunika upara kwa kitambaa. Miaka ikapita, mawigi yakaboreka na haja ya kuficha ikaisha, lakini kitambaa kilikwisha kuwa pambo la onnagata. Hata leo kuna nafasi ambazo mwigizaji hupanda nacho jukwaani.

Hapa lazima nikupe tahadhari. Zambarau ya wakati wa Sharaku ilipatikana kwa kuchanganya nyekundu ya maua iitwayo beni na buluu ya ua dogo la porini liitwalo tsuyukusa. Zote mbili haziwezi jua, na ile buluu haiwezi hata maji. Picha iliyotundikwa ukutani miaka mingi hupoteza zambarau yake ikabaki na kijivu, au rangi kama ya chai iliyochujuka. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya kuorodhesha picha hizi nilishika karatasi moja nikaiandika kwenye orodha kuwa ni picha ya mrembo wa mjini. Mzee aliyekuwa akinifundisha akaniinulia karatasi ile dirishani, akaweka kidole kwenye paji la uso: pale palikuwa na doa la kijivu lenye kingo zilizonyooka mno kuwa doa la bahati mbaya. Tangu hapo sitazami uso kabla ya kutazama paji.

Pasipo na kitambaa, tafuta nembo. Kila ukoo wa waigizaji ulikuwa na nembo yake, nayo huchorwa kwenye mkono wa kimono au kando ya kichwa. Ukoo wa Segawa, ambao Tomisaburō alitoka kwao, ulitumia umbo la fungu la hariri lililofungwa katikati. Ukoo wa Danjūrō, maarufu kwa mashujaa wa kiume, ulitumia miraba mitatu iliyoingiana.

Sasa kejeli. Ili kulijibu hilo, tumtazame kwanza aliyeinunua picha. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, picha hizi ziliuzwa madukani kwa bei inayokaribia bakuli moja au mawili ya tambi. Wanunuzi walikuwa watu wa kawaida, wengi wao wapenzi wa mwigizaji fulani. Walimwona jukwaani, wakatoka na uso wake wakiwa wameubeba mkononi. Mtu huyo hakununua picha ya Yadorigi, kwa sababu Yadorigi hayupo duniani. Alinunua picha ya Tomisaburō akiwa Yadorigi. Alitaka awaone wote wawili katika karatasi moja, mwanamume anayemjua na mwanamke aliyemliza jana jioni. Picha isiyo na Tomisaburō ndani yake ingekuwa haina thamani kwake.

Na mwanamume huyo hakuwa mtu wa kuchekwa. Onnagata wakubwa walikuwa miongoni mwa watu mashuhuri kabisa wa mji, na wanawake waliwaiga. Segawa Kikunojō wa pili alikuwa na jina la kishairi Rokō. Aina ya kahawia aliyoipenda ikaitwa kahawia ya Rokō, na wanawake wa Edo wakaivaa. Sanogawa Ichimatsu wa kwanza, aliyecheza vijana na wanawake, alipanda jukwaani mwaka 1741 na vazi la miraba miraba ya rangi mbili, na hadi leo Wajapani huuita mchoro huo ichimatsu. Nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 2020 ilitokana na miraba hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanamke halisi wa Edo alijifunza uanamke wa mitindo kutoka kwa mwanamume wa jukwaani.

Kabla yao alikuwapo Yoshizawa Ayame, aliyeishi kuanzia 1673 hadi 1729 na kujipatia sifa huko Kyoto na Osaka. Maneno yake kuhusu kazi ya onnagata yalihifadhiwa, nayo ni mafundisho makali. Alishikilia kwamba mwanamume asiyeishi kama mwanamke katika maisha yake ya kila siku hawezi kuwa onnagata hodari. Akisubiri mpaka apande jukwaani ndipo ajitahidi kuwa wa kike, basi kadiri anavyojitahidi ndivyo uanaume unavyojitokeza. Si kila onnagata aliyefuata aliishi hivyo. Lakini utaona kazi hii ilichukuliwa kwa uzito gani: ilikuwa elimu ya maisha, na watazamaji waliipima kwa makini.

Wachoraji wenyewe walichelewa kuonyesha uso. Wale wa shule ya Torii, walioanza kuchorea kumbi za Edo mwishoni mwa karne ya 17, walichora mwili wenye nguvu na mkao wa jukwaani, lakini nyuso zilifanana. Ungemtambua mwigizaji kwa nembo na jina lililoandikwa. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1765, pale picha zenye rangi nyingi zilipoanza kutoka. Katsukawa Shunshō na Ippitsusai Bunchō walishirikiana kutoa mwaka 1770 kitabu cha waigizaji waliochorwa ndani ya maumbo ya mapepeo, na humo kila uso una mwenyewe. Kuanzia hapo mnunuzi alidai picha ifanane na mwigizaji mwenyewe. Kwa mashujaa wa kiume halikuwa jambo gumu: pua kubwa na nyusi nzito zinapendeza juu ya upanga. Kwa onnagata, mchoraji aliingia kwenye mtihani. Akichora uso ulivyo, mwanamke atapotea. Akichora mwanamke mzuri, mwigizaji atapotea. Kila picha ya onnagata uliyowahi kuiona ni jibu la mtu fulani kwa mtihani huo, na ndiyo maana mimi nazipenda kuliko zile za mashujaa.

Jibu la Sharaku lilitoka mwezi wa tano wa mwaka 1794. Mchapishaji Tsutaya Jūzaburō aliachia sokoni kwa pamoja picha 28 za kichwa na kifua, za mtu ambaye soko halikumjua, nyuma yake pakiwa pamepakwa unga mweusi wa ulanga unaometa ukiigeuza karatasi. Mwaka ule kumbi tatu kubwa zenye leseni zilikuwa zimefungwa kwa madeni, na kumbi za akiba ndizo zilizokuwa zikifanya kazi: Miyako-za, Kawarazaki-za na Kiri-za. Tomisaburō wako alikuwa Miyako-za, katika mchezo wa kulipiza kisasi. Watazamaji walikwisha kumpa jina la utani Nikutomi, yaani Tomi wa kuchukiza, kwa ule ukali wa sura yake. Sharaku hakuuzua ukali huo. Aliukuta, mji mzima ukiujua, akauweka kwenye karatasi.

Sasa mlinganishe na wenzake wa mwezi ule ule. Kawarazaki-za alikuwapo Iwai Hanshirō wa nne akimcheza Shigenoi, mlezi wa binti wa mtawala, anayekutana na mwanawe wa kumzaa ambaye sasa ni mtoto wa kuongoza farasi wa mizigo, na heshima ya nyumba inamkataza kumkubali. Hanshirō alikuwa na mashavu ya mviringo, na watu walimwita Otafuku, jina la kinyago cha mwanamke mnene mwenye uso wa furaha. Sharaku akayachora mashavu hayo hayo. Mtazame: uso wa bashasha umebeba huzuni ya mama anayemkana mtoto wake. Mchoraji mwingine angeukondesha uso ule ili huzuni ionekane. Sharaku aliuacha, na kwangu mimi huzuni inaingia ndani zaidi kwa sababu imekaa mahali isipotarajiwa.

Huko Kiri-za alikuwapo Nakayama Tomisaburō, ambaye usimchanganye na Tomisaburō wako. Huyu alikuwa Miyagino, mmoja wa dada wawili wanaomlipizia kisasi baba yao. Utani wake ulikuwa Gunyatomi, Tomi mlaini, kwa sababu mwili wake ulikuwa ukinyumbuka jukwaani kama hauna mifupa, na kwenye picha mabega yake yanateremka taratibu na macho yake madogo yamelegea. Na huko Miyako-za, kando ya Tomisaburō wako, alikuwapo Segawa Kikunojō wa tatu, onnagata wa daraja la juu kabisa wakati huo. Alikuwa Oshizu, mke mgonjwa, na kichwani amefungwa utepe wa zambarau ambao jukwaani ni alama ya ugonjwa. Utepe huo usikuchanganye na kitambaa cha paji la uso.

Watu wanne, nyuso nne zisizofanana hata kidogo. Kama Sharaku angetaka kumcheka mwanamume aliyevaa kike, angekuwa na njia nyepesi zaidi: ndevu zilizochipua, shingo nene, mkono mkubwa unaoshikilia pepeo. Hakuna hata kimoja. Mikono aliyoichora ni midogo, imeshikilia nguo kwa adabu ya kike. Kimono imekaa inavyotakiwa. Kila alichokifanya mwigizaji ili awe mwanamke kimeheshimiwa; na kile asichoweza kukibadilisha, yaani mfupa wa uso wake, kimeachwa kama kilivyo. Hiyo ndiyo kazi ya onnagata, imechorwa sawasawa na anavyoifanya. Mtazamaji aliyekaa karibu na jukwaa aliona taya la mwanamume, akaliona na mkono ule, kisha akaamini mkono.

Wengine wakati ule hawakuipenda. Mwandishi Ōta Nanpo aliandika kwamba Sharaku alitaka ukweli kupita kiasi, akachora yasiyotakiwa kuchorwa, na kwa hiyo hakudumu. Kweli hakudumu. Kwa karibu miezi kumi alitoa picha zaidi ya 140, kisha mwanzoni mwa 1795 akatoweka. Mshindani wake, Utagawa Toyokuni, alianza mfululizo wake wa waigizaji mwaka ule ule 1794, akiwaonyesha mwili mzima, wamesimama kwa madaha. Onnagata wa Toyokuni wanafanana na wenyewe vya kutosha utambue ni nani, ila pua imepunguzwa kidogo na kidevu kimelainishwa. Soko lilimpenda Toyokuni. Siwezi kulilaumu: mpenzi wa mwigizaji anataka kumwona kipenzi chake akiwa katika siku yake njema. Lakini nikitaka kujua ilikuwaje kukaa pale ukumbini mwaka 1794, kwa Toyokuni sijui, kwa Sharaku najua.

Kwa kuwa wewe unafundisha sanaa, niseme kidogo juu ya mikono iliyoifanya kazi. Mchoraji alitoa mistari tu kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi ile kifudifudi juu ya kibao cha mti wa mcheri, akachonga na kuiteketeza michoro ya asili katika kuchonga huko huko. Kila rangi ilikuwa na kibao chake, na alama mbili ndogo pembeni zilihakikisha karatasi inakaa pale pale kila ilipolazwa. Mpiga chapa hakuwa na mashine. Alilaza karatasi ya nyuzi za mforosadi juu ya rangi na kuisugua kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Sehemu ngumu kuliko zote ni mstari wa nywele kwenye paji la uso, unywele mmoja mmoja, na kazi hiyo aliachiwa mchongaji mkuu. Na weupe wa uso wa onnagata, ile poda aliyojipaka nene, kwenye picha ni karatasi tupu isiyoguswa na rangi. Waambie wanafunzi wako hilo. Uso ambao wanadhani umepakwa rangi kuliko vyote ndio ambao haukupakwa kitu.

Kisha ikaja amri nyingine. Mwaka 1842, katika marekebisho makali ya utawala, picha za waigizaji zilipigwa marufuku, na kumbi zenyewe zikahamishiwa nje kidogo ya mji, upande wa Asakusa. Marufuku ilipoanza kulegea, wachapishaji walirudi kwa ujanja: waliandika jina la mhusika na kuacha jina la mwigizaji. Utagawa Kunisada, mwanafunzi wa Toyokuni, alitoa mwaka 1852 mfululizo mkubwa uliounganisha vituo vya barabara ya Tōkaidō na wahusika wa kabuki. Majina ya waigizaji hayamo. Karani wa serikali akisoma, anaona jina la mwanamke wa hadithini. Mnunuzi akitazama, anaona uso na kusema huyu ni fulani. Hapo ndipo kufanana, ambako kulimponza Sharaku, kulipogeuka kuwa ndiyo saini pekee iliyobaki. Pua ya mwanamume chini ya kitambaa cha zambarau iliwaambia watu kile ambacho maandishi hayakuruhusiwa kusema.

Nikutajie mmoja wa mwisho kabla ya kufunga barua, kwa sababu kisa chake hakinitoki. Sawamura Tanosuke wa tatu alizaliwa 1845, na alikuwa kipenzi cha mji akiwa bado kijana mdogo. Mguu wake ukaanza kuoza. Mwaka 1867 daktari Mmarekani aliyeishi Yokohama, James Curtis Hepburn, aliukata. Tanosuke akapata mguu wa bandia, akarudi jukwaani katika nafasi za kike zile zile. Ugonjwa uliendelea kumla viungo vingine, naye akaendelea kucheza hadi mwili ulipokataa kabisa. Alifariki mwaka 1878. Picha zake zipo. Wachoraji wamemwonyesha mrembo, kimono imetanda hadi sakafuni, na huoni kitu. Ukishajua, unautazama upindo wa ile kimono kwa jicho jingine.

Ufundi huu haukufia hapo. Kati ya 1925 na 1929, mchoraji Natori Shunsen na mchapishaji Watanabe Shōzaburō walitoa picha 36 za vichwa vya waigizaji, onnagata wakiwamo, kwa vibao vya mbao kama zamani. Na kabuki bado huchezwa na wanaume: Bandō Tamasaburō wa tano, onnagata aliyezaliwa 1950, alitangazwa mwaka 2012 kuwa hazina hai ya taifa.

Kwa kipindi chako kijacho ningekushauri hivi. Picha nzuri utazipata bure kwenye mtandao wa makumbusho ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Waseda, wa British Museum, na wa Art Institute ya Chicago. Usianze tena na Tomisaburō. Anza na Hanshirō akiwa Shigenoi, na kabla hujataja neno mwanamume, wasimulie habari ya mama na mwanawe wa farasi. Waache waitazame kimya. Kisha waulize ni nini kile cha zambarau juu ya paji la uso. Baada ya hapo mlete Tomisaburō, na kando yake onnagata yeyote wa Toyokuni wa miaka ile ile, uwape karatasi na penseli, kila mmoja amchore jirani yake mara mbili: mara ya kwanza alivyo, mara ya pili anavyotaka aonekane.